Betri ya 18650 ya vepu na ya tochi ya mlimani: ipi ikae wapi

Ukizunguka Moshi au Arusha utaikuta betri ya 18650 mikononi mwa watu wasiojua kuwa wanatumia kitu kimoja. Mpagazi anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame anayo ndani ya tochi yake ya kichwani. Fundi simu anazo kwenye kopo chini ya meza, amezichomoa kwenye laptopu zilizokufa. Chalii anayevuta sigara ya umeme, yaani vepu, anatembea nayo mfukoni, pengine mbili kwa pamoja. Jina lake ni vipimo vyake: milimita 18 upana, milimita 65 urefu, na sifuri ya mwisho inasema ni ya duara. Kwa kuwa zote zinaingia kwenye tundu lolote la ukubwa huo, watu wanaazimana, wanabadilishana, na fundi anamuuzia kila anayekuja betri kutoka kopo lilelile.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Betri isiyo na shida yoyote ndani ya tochi inaweza kuwaka moto ndani ya vepu. Nimeandika ulinganisho huu kwa makundi hayo mawili, anayevuta na anayepanda mlima, kwa sababu hapa kwetu yanakutana kwenye meza moja ya fundi. Na kama huvuti chochote, usianze. Betri nzuri inakulinda na moto, haikulindi na nikotini.

Tazama ampea kabla ya mAh

Namba inayoandikwa kubwa kwenye ganda ni mAh. Hiyo inakwambia betri inabeba chaji kiasi gani, yaani utakaa muda gani kabla ya kurudi kwenye chaja. Kuhusu usalama haikwambii kitu. Namba ya usalama ni ampea za mfululizo, maana yake mkondo ambao betri inaweza kuutoa bila kupumzika na bila kupata joto la kuidhuru. Betri nyingi hazina namba hiyo kwenye ganda. Unaipata kwa kujua jina kamili la betri na kutafuta karatasi ya mtengenezaji.

Tochi ya kichwani yenye betri moja, hata ukiiwasha kwa nguvu, kwa kawaida inavuta ampea 1 hadi 3. Vepu ya wati 40 yenye betri moja inavuta karibu ampea 14. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu joto linalozaliwa ndani ya betri linapanda kwa mraba wa mkondo. Chukua betri ya laptopu iliyochakaa, yenye ukinzani wa ndani, yaani kizuizi kwa mkondo, wa ohmu 0.1. Kwenye tochi inayovuta ampea 2, joto ndani yake ni wati 0.4, hata ukiishika huhisi chochote. Ihamishie kwenye vepu inayovuta ampea 15 na joto linakuwa wati 22.5. Ni sawa na kufungia ncha ya pasi ya kulehemu ya fundi simu ndani ya kopo la chuma lenye kimiminika kinachoshika moto.

Ndani ya betri kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha upande chanya na upande hasi. Joto likifika nyuzi 130 hivi, utando unaanza kuyeyuka, pande mbili zinagusana, na kuanzia hapo betri inajipasha yenyewe. Kuzima kifaa hakusaidii tena. Gesi inatafuta njia ya kutokea, na kama kifaa ni bomba la chuma lisilo na matundu, kinapasuka. Marekani kuna vifo viwili vilivyotangazwa sana, kimoja Florida mwaka 2018 na kingine Texas mwaka 2019, vyote vya watu ambao vepu ililipuka wakiwa wanaivuta. Matukio ya namna hiyo ni machache ukilinganisha na idadi ya watumiaji, lakini kifaa hiki unakiweka mdomoni, na usiku unakilaza karibu na mto.

Majina yanayostahili kuaminiwa

Viwanda vinavyotengeneza 18650 za kuaminika ni vichache mno: Samsung, LG, Panasonic pamoja na Sanyo iliyo chini yake, Murata iliyonunua biashara ya betri ya Sony mwaka 2017, na Molicel ya Taiwan. Majina mengine mengi unayoyaona kwenye maganda ya rangi kali ni ya wauzaji wanaonunua betri za viwanda, wakati mwingine zile za daraja la chini, kisha wanazivisha ganda lao na kuandika namba wanayoipenda. Huenda ndani kukawa na betri nzuri. Wewe mnunuzi huna njia ya kujua, na mwezi ujao ndani ya ganda hilohilo inaweza kuwemo nyingine kabisa.

Jedwali hili ni la zile zinazotajwa sana. Kwenye ampea nimeweka kiwango cha tahadhari, si kile cha juu kabisa cha tangazo. Molicel kwa mfano inaiandikia P26A ampea 35, lakini wapimaji huru wanaishusha hadi 25, na mimi nawafuata hao.

| Betri | mAh | Ampea za mfululizo | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Molicel P26A | 2600 | 25 | vepu yenye nguvu |
| Sony/Murata VTC5A | 2600 | 25 | vepu yenye nguvu |
| Samsung 25R | 2500 | 20 | vepu ya kati |
| LG HG2 | 3000 | 20 | vepu ya kati, tochi kali |
| Samsung 30Q | 3000 | 15 | vepu ndogo, tochi kali |
| Sony/Murata VTC6 | 3000 | 15 | vepu ndogo, tochi kali |
| Samsung 35E | 3500 | 8 | tochi, pawabenki |
| Panasonic NCR18650B | 3400 | karibu 5 | tochi, pawabenki |

Soma jedwali kutoka juu kwenda chini utaona jinsi mambo yalivyo: kwa ujumla chaji ikipanda, ampea zinashuka. Nafasi ndani ya kopo ni ileile, na mtengenezaji anachagua aijaze kwa ajili ya muda au kwa ajili ya nguvu. Ukiambiwa kuna 18650 yenye mAh 3500 na ampea 30 kwa pamoja, unadanganywa. Ukiambiwa kuna yenye mAh 5000, 6800 au 9900, unadanganywa zaidi, maana za viwanda nilivyovitaja zinaishia karibu na 3600. Anayetaka mAh 4000 na zaidi anunue kifaa cha 21700, betri yenye upana wa milimita 21 na urefu wa 70. Huko kuna Molicel P42A ya mAh 4200 na Samsung 40T ya mAh 4000, na zote zina ampea za kutosha vepu.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi, nami siwezi kulificha. Samsung, LG na Sony wote wametamka hadharani kwamba betri hizi hazikutengenezwa ziuzwe moja moja kwa ajili ya vepu. Wanaziuza kwa viwanda vinavyozifunga ndani ya kasha lenye saketi ya ulinzi. Mwezi Januari 2021 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa za walaji ikatoa onyo hilohilo kwa 18650 zote zinazouzwa zikiwa huru. Kwa hiyo hata ile ya juu kabisa kwenye jedwali, ukiiweka kwenye vepu, ulinzi uliobaki ni ule wa kifaa chenyewe na wa akili yako.

Kopo la fundi, na betri za rangi

Betri za laptopu zina sifa moja kubwa: mara nyingi ni za kiwanda cha ukweli. Kwenye kasha la laptopu la betri sita, kinachoua kasha ni jozi moja iliyochoka, nyingine zikabaki na maisha. Fundi makini anafungua kasha taratibu, anapima kila moja kwa multimita, kifaa cha kupimia volti, anaweka pembeni zenye volti 3 na zaidi, na zilizoshuka chini ya 2 hazigusi tena. Ana sababu. Betri ikishuka kiasi hicho na kukaa hivyo, shaba iliyo ndani inaanza kuyeyuka na kusambaa, na ukiichaji tena shaba hiyo inaweza kujenga njia ya shoti ndani kwa ndani. Inaweza kukubali chaji vizuri tu leo, ikaanza kupata moto wiki ijayo ikiwa imelala kabatini.

Kwa tochi, redio ndogo au pawabenki ya kujiundia, betri ya laptopu iliyopimwa hivyo naikubali, alimradi haina mbonyeo, kutu, wala ganda lililochanika pale lilipong'olewa kwenye bati. Kwa vepu siikubali hata kidogo. Nyingi za laptopu ni za ampea 4 au 5 zikiwa mpya, na uzee unaziongezea ukinzani kila mwaka. Ukimsikia fundi anasema "hii ni Samsung orijino, weka popote", sehemu ya kwanza inaweza kuwa kweli.

Betri za rangi zenye namba za ajabu, zile zinazouzwa pamoja na tochi za bei poa pembeni ya masoko, nilitaka kuzielewa kwa vipimo badala ya kuzisema vibaya tu. Arusha ni mji wa madini, na madalali wana mizani midogo inayosoma hadi sehemu ya gramu. Nikamwendea mmoja ninayefahamiana naye.

"Shikamoo mzee. Naomba nipime vitu viwili hapa."

"Marahaba. Madini gani hayo?"

"Si madini mzee, ni betri."

Akafuta sahani ya mizani kwa kitambaa, nikaweka ya kwanza, Samsung 25R mpya. Ikasoma gramu 45, na ndivyo karatasi ya kiwanda inavyosema. Nikaweka ya pili, nyekundu, iliyoandikwa 9900. Gramu 29. Mzee akaitikisa sikioni kama anavyofanya dalali akikagua kifuko, akanirudishia bila neno.

Betri ya lithiamu haiwezi kubeba chaji bila kubeba uzito wa metali zake. 18650 ya ukweli ina gramu 43 hadi 50. Inayosoma gramu 30 haina vitu vya kutosha ndani, na watu waliozipasua za namna hiyo wamekuta seli ndogo katikati imezungushiwa unga wa kujazia. Kipimo hiki cha mizani ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji utaalamu. Sonara anayo mizani, muuza viungo wa kisasa anayo, ofisi ya vifurushi inayo. Lakini uzito ukiwa sawa haujathibitisha kila kitu, maana betri dhaifu iliyovishwa ganda la kuigiza la LG nayo inaweza kuwa na gramu 45. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha boksi na risiti, na ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Kwa anayevuta: kifaa kwanza, betri baadaye

Vepu zinazouzwa ziko za namna tatu, na uchaguzi wa betri unaanzia hapo.

Ya kwanza ina betri ya kudumu ndani, unaichaji kwa waya wa USB, huwezi kuifungua. Kwa watu wengi hii ndiyo ningeshauri. Saketi ya ndani inakata chaji ikijaa, inakata mkondo ukizidi, na wewe huna nafasi ya kukosea betri. Kasoro yake ni kwamba betri ikichoka umemaliza kifaa. Ichaji kwa kichwa cha chaja cha kawaida cha volti 5, ampea 1 au 2, kama maelekezo yake yanavyosema. Tofautisha hii na ile ya kutumia na kutupa isiyo na tundu la chaja: betri iliyomo humo haina ulinzi wa kuaminika, na mafundi wanaounga nyaya ili kuichaji wanacheza na moto.

Ya pili ina betri ya kutoa na bodi ya umeme yenye skrini ya kupanga wati. Hapa hesabu ni rahisi na inafaa uijue kwa moyo: gawa wati kwa 2.9, ndiyo ampea zitakazovutwa betri ikikaribia kuisha, wakati bodi inapovuta kwa nguvu kuliko wakati wowote. Wati 30 ni ampea 10 na kidogo. Wati 40 ni 14. Wati 60 ni karibu 21. Kifaa cha betri mbili, gawanya wati kwa mbili kwanza, kwa hiyo wati 80 kwa betri mbili ni 14 kwa kila moja. Sasa rudi kwenye jedwali. Wati 40 betri moja, 30Q iko ukingoni, 25R au HG2 ina nafasi ya kupumua. Wati 60 betri moja, 25R haitoshi, chukua P26A au VTC5A. Za kutoka laptopu hazifiki hata nusu ya njia.

Kwa kifaa cha betri mbili, nunua mbili za jina moja siku moja, ziandike A na B kwa kalamu, zitumie pamoja na zichaji pamoja mpaka mwisho wa maisha yao. Ukichanganya nzima na iliyochoka, iliyochoka inaisha mapema, na nzima inaendelea kuisukuma mpaka inavuka sifuri kwenda upande wa kinyume. Usimwazime rafiki moja.

Ya tatu ni bomba tupu la chuma, betri, koili (waya unaopata moto na kutoa mvuke) na kitufe, bila bodi. Hapa hakuna kinachokata chochote. Koili ya ohmu 0.5 kwenye betri iliyojaa, volti 4.2, inavuta ampea 8.4. Koili ya ohmu 0.2 inavuta 21. Koili ikigusa ukuta kwa bahati mbaya, ni shoti kamili. Wapo wanaozimudu, wanaopima kila koili kabla ya kubonyeza. Mimi simshauri mtu yeyote anunue kifaa hiki, na hakuna betri kwenye jedwali inayokifanya kiwe salama.

Kwa anayepanda: baridi inabadilisha hesabu

Usiku wa kileleni watu wanaondoka kambi ya Barafu au Kibo Hut karibu na saa sita, wanatembea gizani mpaka alfajiri, kuelekea mita 5895. Juu kule joto linashuka chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi. Tochi ikizima hapo, mpagazi au mwongozaji hana duka la kukimbilia, na nyuma yake kuna mgeni anayefuata mwanga wake.

Kwa tochi hatari ya mkondo mkubwa haipo, kwa hiyo ulinganisho unahamia kwingine: betri yenye ulinzi dhidi ya isiyo na ulinzi. Yenye ulinzi ina kibodi kidogo cha duara kimefichwa chini yake, kinachokata ikichajiwa kupita kiasi, ikishushwa sana au ikipigwa shoti. Inakuwa na urefu wa milimita 69 au 70, kwa hiyo pima tundu la tochi kwanza. Tochi za bei ndogo nyingi hazina akili ya kujizima volti zikishuka, na kwa hizo yenye ulinzi ndiyo jibu. Ninapomnunulia mtu zawadi ya tochi, namwekea yenye ulinzi iliyojengwa juu ya betri ya Panasonic au Samsung ya mAh 3400 au 3500, kwa sababu sitakuwepo kumkumbusha.

Baridi ina mambo yake. Betri ikiwa baridi ukinzani wake wa ndani unapanda, volti zinaanguka tochi inapowashwa kwa nguvu, na kibodi cha ulinzi kinaweza kudhani imeisha kikakata. Ukiipasha kwapani inarudi. Betri za nguvu kama HG2 na 30Q zina ukinzani mdogo tangu mwanzo, kwa hiyo zinaanguka kidogo kuliko 35E au NCR18650B. Kama tochi yako ina akili ya kujizima, HG2 ya mAh 3000 ni chaguo bora la usiku wa kileleni kuliko ile ya 3400. Ya akiba ikae mfuko wa ndani wa jaketi, ndani ya kikasha cha plastiki, na usiku ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia.

Kosa kubwa la kambini ni kuchaji betri iliyoganda. Chini ya sifuri lithiamu haiingii ndani ya grafaiti, yaani upande hasi wa betri, inavyotakiwa, inajipaka juu yake kama metali, na tabaka hilo halitoki tena. Betri inarudi Moshi ikiwa imepungua uwezo na imeongezeka hatari, na hakuna alama ya nje. Kwa hiyo asubuhi kwenye hema lenye barafu, usichomeke tochi kwenye pawabenki kabla haijapata joto la mwili.

Anayetaka kuepuka lithiamu ya kuchaji kabisa ana njia: tochi ya AAA tatu au AA, yenye betri za kuchaji za nikeli, NiMH, za volti 1.2. Haziwaki moto kwa urahisi, chaja yake ni rahisi, lakini ni nzito kwa mwanga uleule na baridi inazipunguza. Za lithiamu zisizochajiwa za AA zinavumilia baridi kuliko zote, ila ni ghali na ni za kutumia mara moja.

Angalizo dogo kwa wenye taa za sola: baadhi zina 18650 ya fosfeti ya chuma, imeandikwa IFR au volti 3.2. Ni tulivu zaidi kwa joto, lakini inajaa kwenye volti 3.65. Usiiweke kwenye chaja ya volti 4.2, na usiweke 18650 ya kawaida, iliyoandikwa volti 3.7, kwenye taa hiyo.

Chaja

Watu wanatafuta betri ya maana kisha wanaiweka kwenye chaja ya kuchomeka ukutani yenye taa nyekundu na ya kijani tu. Chaja nzuri inasoma kila tundu peke yake, inakata kwenye volti 4.20, na inaandika volti kwenye skrini. Ipime: betri ikijaa, itoe, weka multimita. Kati ya 4.15 na 4.20 ni sawa. Ikisoma zaidi ya 4.25, chaja hiyo iache, hata kama ilikuja bure na tochi.

Kasi ya ampea 1 inatosha. Chaji juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro na pazia, ukiwa macho. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chomoa na uangalie kabla ya kuendelea. Hii ni tabia ninayoisisitiza nyumbani kwa watoto wote, kwa sababu moto wa betri unaweza kuanza wakati wa kuchaji.

Ganda, funguo na ndege

Ishike betri uitazame kichwani. Pale katikati kuna kitufe chanya. Kinachokizunguka, na kopo lote mpaka chini, ni hasi. Kati ya kitufe na ukingo wa kopo kuna pengo jembamba sana, limezibwa na pete nyeupe ya karatasi na ukingo wa plastiki. Mkwaruzo wa ukubwa wa kucha hapo juu unatosha chuma cha kifaa kiunge chanya na hasi. Kila unapotoa betri, pitisha kidole pale. Ganda likichanika, fundi mwenye ganda jipya la plastiki la kusinyaa kwa joto anaweza kulibadilisha. Gundi ya karatasi na plasta ya kidonda si ganda.

Kwa sababu hiyohiyo betri huru haikai mfukoni na funguo za pikipiki au sarafu. Kikasha cha plastiki cha betri mbili ni bei ndogo na ndicho kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya betri. Anayeruka kutoka uwanja wa ndege wa KIA akumbuke kwamba betri za akiba, pawabenki na vepu vinakaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini. 18650 moja ina wati-saa 11 hivi, mbali na kikomo cha ndege cha wati-saa 100, kwa hiyo hakuna shida alimradi ncha zimefunikwa.

Ikianza kuchemka, na ikifa

Betri ikipata joto usiloweza kulishika, ikazomea au ikatoa harufu tamu ya kemikali, itupe nje kwenye udongo ukiweza kufanya hivyo bila kuungua, usivute moshi wake, na ondoa watu. Maji mengi yanasaidia kwa betri hizi kwa sababu kazi yake ni kupooza. Moto ukishika nyumba, Zimamoto ni 114.

Iliyokufa, iliyobonyea au iliyowahi kuzama majini, ziba ncha zote mbili kwa utepe wa umeme na uiweke kwenye chombo kikavu nje ya nyumba, peke yake, mpaka upate mkusanyaji wa taka za kielektroniki au fundi anayezipeleka kwake. Kwenye shimo la taka la uani isifike kamwe. Huku kwetu takataka za nyumbani zinachomwa jioni, na anayepewa kiberiti mara nyingi ni mtoto.